Mume anataka karavani, kichochoro chetu kina kona

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya, tunakaa Isanga, nina mume na watoto watatu. Nyumbani kuna ubishi ulioanza tangu sikukuu na hauishi. Kila mmoja wetu anamwona mwenzake ndiye mbishi, kwa hiyo nimeona bora tupate mtu wa tatu.

Kila Desemba tunashuka Kyela kwa wazazi wa mume wangu, tunakaa siku chache, kisha tunakwenda Matema ziwani. Siku hizi baba mkwe naye hupenda kufuatana nasi. Tukiwa sita, vyumba vya wageni msimu ule vinatukamua, na ukichelewa havipo kabisa. Safari iliyopita mume wangu alikutana pale na familia kutoka Afrika Kusini waliokuja na karavani yao. Walipika, walioga, walilala, hawakumuuliza mtu bei ya chumba. Tangu siku hiyo mwenzangu hana usingizi.

Sasa amepata ya mtumba. Mwenyewe ni mgeni aliyemaliza mkataba wake, anarudi kwao. Kwenye karatasi zake imeandikwa urefu mita 4.9, upana mita 2.2, uzito ikiwa tupu kilo 1,050, na uzito wa juu kabisa kilo 1,350. Ina vitanda vinne na meza inayogeuka kuwa kitanda. Mume wangu anasema tuuze RAV4 yetu, ya petroli, cc 2000, otomatiki, tuongeze hela tuchukue Land Cruiser ya zamani ya dizeli, yenye ile injini ya 4.2 isiyo na turbo. Anasema hiyo inavuta hata nyumba.

Mimi swali langu ni moja: italala wapi? Uwanja wetu una upana wa mita 6.5, na kutoka getini hadi barazani ni mita 9. Geti ni mita 2.9, lina mbawa mbili, zinafunguka kwa ndani. Kona moja ina simtanki. Mpangaji wetu analaza bajaji yake humohumo. Na kufika getini kwenyewe, unaacha barabara ya mtaa, unaingia kichochoro cha mita 3.5, upande mmoja mtaro, kinapanda, kisha kinakata kona ya mraba kabisa. Mume wangu anasema ikishindikana italala nje ya geti. Nje ya geti ni njia ya watu, Mjomba! Mwenyekiti wa mtaa alitufuata kwa sababu ya tofali tu, itakuwa karavani?

Kuna jingine ambalo naona aibu kulisema kwa sauti. Sisi ni Wanyakyusa. Mimi na baba mkwe tunaheshimiana kwa mila tulizokuta. Kwenye gari yeye hukaa mbele, mimi nyuma kabisa, na tukifika mahali nasubiri ashuke kwanza aende zake. Leo nilale naye ndani ya kibanda kimoja, katikati pazia? Mume wangu anasema hayo mambo yamepitwa na wakati. Baba mwenyewe hajaulizwa.

Jumamosi anataka kupeleka kianzio. Kama nimekosea mimi, niambie tu, nitanyamaza.

Mama Watatu, Isanga

*

Marahaba mwanangu,

Usinyamaze. Ila mumeo naye usimwone kichaa, maana ana hoja moja ambayo wewe umeipita bila kuitazama. Umeandika kwamba mnasafiri watu sita. RAV4 yenu ina siti tano. Kwa maana hiyo kila Desemba kuna mtoto anapakatwa kutoka Mbeya hadi Kyela, na hilo mimi linanikera kuliko karavani. Gari lenu limeshazidiwa na familia hata kabla ya tela. Kwenye kubadilisha gari, mume yuko sahihi. Alipokosea ni mpangilio: ameanza na karavani, akafuatia gari, na uwanja akauacha uwe wa mwisho. Kwenu inabidi mwanzo uwe kile kichochoro.

Tuanze na hiyo mita 4.9. Muulizeni muuzaji: ni bodi peke yake, au na mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari? Karatasi nyingi hutaja bodi. Mkono huongeza mita moja na ushee, kwa hiyo mkija na futi kamba msishangae kukuta mita 6 na kitu. Land Cruiser ya aina anayoitaka mumeo ina karibu mita 4.9. Vikiwa vimefungwa pamoja ni mita 11, na uwanja wenu ni mita 9.

Mumeo atajibu kwamba ataviachanisha, avilaze ubavu kwa ubavu. Kwenye karatasi inawezekana, nisimwonee. Karavani mita 2.2, gari karibu mita 2, bajaji mita 1.3, jumla mita 5.5 kati ya 6.5. Inabaki mita moja, igawanywe kati ya kuta mbili na mapengo mawili. Hapo mlango wa gari haufunguki, simtanki haijahesabiwa, na mpangaji akitaka kutoka na bajaji alfajiri kuwahi abiria lazima awaamshe. Mpangaji wa namna hiyo atahama, na kodi yake itaondoka naye.

Lakini hata huko uwanjani hamtafika, kwa sababu ya kona. Nimeipigia hesabu. Kitu chenye upana wa mita 2.2 kikikata kona ya mraba kwenye njia ya mita 3.5, urefu wake hauwezi kuzidi mita 5.5, na hapo ni kwa kukisukuma kwa mikono huku kikigusa kuta karibu kila upande. Bodi ya mita 4.9 inaweza kupenya kwa kubahatisha, ikiwa imefunguliwa kwenye gari. Ikiwa imefungwa haipiti, maana gari la mbele nalo linahitaji mahali pa kugeukia, na mahali hapo pana ukuta wa jirani. Na ile mita 3.5 umeipima kutoka wapi hadi wapi? Kama umeuhesabu na mtaro, basi njia ya tairi ni ndogo zaidi.

Haya, tuseme vijana wa mtaani wanaitwa waje wasukume. Umesema kichochoro kinapanda. Pakiwa panapanda mita moja kwa kila mita kumi, kilo 1,050 zinavuta kurudi chini kwa nguvu ya zaidi ya kilo mia. Ni kama kulizuia gunia la mahindi lisikuangukie huku unatembea, na mguu mmoja uko ukingoni mwa mtaro. Mvua ya Mbeya ikishanyesha na ule udongo ukawa utelezi, mimi nisingeruhusu mtoto wa mtu asimame nyuma ya kitu hicho. Ulaya wapo wanaofunga mota ndogo za betri kwenye magurudumu ya karavani, ikajisogeza yenyewe kwa rimoti. Hapa kwetu sijui fundi yupi ataigusa siku ikigoma.

Kuhusu kulaza nje ya geti, sina la kuongeza juu ya mwenyekiti.

Njia pekee ya kuimiliki karavani hiyo ni kuilaza kwingine: kiwanja cha ndugu Uyole au Mbalizi, au yadi ya kulipia yenye mlinzi. Watu hufanya hivyo, si jambo baya. Lakini ingieni mkijua kwamba mtalipia kila mwezi kitu mnachokitumia Desemba, na kwamba karavani ikisimama muda mrefu huoza kwa ndani. Nyingi za zamani zina fremu ya mbao iliyofunikwa bati la alumini. Maji hupenya kwenye maungio ya pembe na madirisha, na kwenu mvua zinaanza Novemba, hazikatiki mpaka Mei. Siku mkienda kuiona, binyeni kuta za ndani kwenye pembe na chini ya madirisha kwa dole gumba. Pakibonyea, mbao imeshakwisha hata kama rangi inang'aa. Fungueni kabati za chini mnuse. Harufu ya ukungu haifichiki kwa manukato.

Tazameni na mlango uko upande gani. Karavani za Uingereza na Afrika Kusini, ambako wanaendesha kushoto kama sisi, mlango wake uko kushoto, unashukia kwenye majani. Za Ulaya bara, za Ujerumani au Ufaransa kwa mfano, mlango uko kulia. Mkisimama kando ya barabara ya TANZAM mtoto anataka kujisaidia, atashukia kwenye malori ya Tunduma.

Sasa gari. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanadhani kuvuta ni suala la ukubwa wa injini basi.

Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hiyo ile 4.2 anayoisifia mumeo, hapo nyumbani tu imeshapoteza zaidi ya asilimia 15. Mkiipeleka Kitulo kuangalia maua, kwenye uwanda wa mita 2,600, inakuwa imepoteza karibu robo. Turbo inasukuma hewa ndani kwa nguvu, ndiyo maana gari la lita 3 lenye turbo huku Nyanda za Juu linaweza kulipita la lita 4.2 lisilo nayo. Sisemi ile 4.2 ni mbovu. Ni injini ngumu, haina mambo mengi ya umeme, na mafundi wa Mbeya wanaijua. Itavuta. Ila itavuta taratibu, kwa moshi, na foleni ndefu nyuma yenu.

Fikirini pia mnavuta kutoka wapi kwenda wapi. Matema iko chini ya mita 500. Kurudi mnapanda Kyela, Tukuyu, mpaka maeneo ya Isongole ambako mnapita mita 2,000, ndipo mteremkie Uyole. Yaani mpando mrefu kuliko yote mnaukuta mkiwa mnarudi. Na mnarudi na nini? Mimi nawajua watu wanaotoka Kyela. Gunia la mchele, mikungu ya ndizi, kikapu cha samaki wa Matema, na jirani kaagiza. Muuzaji amewaonyesha kilo 1,050, lakini huo ni uzito wa karavani ikiwa haina hata sufuria. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 likijaa ni kilo 100. Mtungi wa gesi wa kilo 15, ukihesabu na chuma chake, unakaribia 30. Magodoro, mablanketi, viti, jiko. Zile kilo 300 za nafasi zinaisha hata mchele haujapakiwa.

Kwenye kushuka ndiko tela inapomwonyesha dereva kama ilipakiwa vizuri au la. Kanuni ambayo madereva wa karavani wa Uingereza wanashauriana, hasa wasio na uzoefu, ni kwamba tela iliyopakiwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari likiwa tupu. RAV4 ya cc 2000 kama yenu ina kilo 1,400 hivi, asilimia 85 yake haifiki 1,200. Karavani ya kilo 1,350 ingekuwa inaliongoza gari badala ya gari kuiongoza. Na nchi nyingi haziruhusu tela ya zaidi ya kilo 750 kuwa bila breki zake. Mkinunua yoyote, karavani au kijitela, chukueni yenye breki hata kama uzito uko chini ya hapo. Breki za kawaida za tela ndogo hufanya kazi kwa kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela inakuja mbele, mkono wake unajibana na kuvuta waya wa breki. Ni mpango mzuri. Lakini kwenye mteremko mrefu tela inasukuma muda wote, breki zake zinashika muda wote, na zikichemka zinaisha nguvu. Dawa ni gia. Kabla hujaanza kushuka kuelekea Tukuyu, au siku mkitaka kwenda Mikumi kabla ya Kitonga, weka gia ya chini ukiwa juu bado, na kwenye otomatiki zima ile O/D (overdrive, gia ya juu ya mwendo kasi), usiiache kwenye D ukategemea mguu. Gari la CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, msilifunge tela kabisa kwa milima hii.

Mzigo upangwe mzito ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kamwe usiwe nyuma. Ukiwa nyuma, tela inaanza kuchezesha mkia, na dereva akikanyaga breki kwa hofu ndiyo inazidi. Mkono wa tela ulikalie gari kwa uzito wa karibu sehemu ya kumi ya tela yote: tela ya kilo 600, mkono uwe na kilo 60 hivi. Kupima si lazima uwe na kifaa cha Ulaya. Ule mzani wa kuning'inia wa wanunuzi wa viazi pale Uyole unatosha. Ufunge kwenye boriti, ninginiza mkono wa tela usawa wa pale unapofungwa kwenye gari, soma.

Umeniuliza kama umekosea, hukuniuliza mnunue nini, lakini nitasema.

Karavani hiyo msinunue. Badilisheni RAV4 mchukue gari la siti saba au nane lenye dizeli na turbo, ambalo halizidi urefu wa mita 4.8. Prado ya milango mitano inaingia humo. Zile za kizazi cha 1996 hadi 2002 nyingi zina injini ya 1KZ ya lita 3 yenye turbo, inavuta vizuri, na ina ugonjwa wake unaojulikana: ikichemka, silinda hedi inapasuka. Kwa hiyo kabla ya kulipa, rejeta ifunguliwe ikiwa ya baridi, muangalie kama kuna mafuta kwenye maji, kisha fundi wenu aipandishe mlima mrefu huku macho yako kwenye geji ya joto. Msiridhike na kuiwasha mbele ya yadi ya muuzaji. Hilux ya kebini mbili watu wataishauri sana. Ni gari zuri, lakini ina zaidi ya mita 5 na siti tano, mtakuwa mmerudi pale pale.

Tela iwe ndogo: boksi la mita 2.2 kwa 1.6 hivi, mkono wake mita 1.2, juu lina hema la kukunjua na ngazi, nyuma linafunguka kuwa jiko. Afrika Kusini wanazitengeneza kwa wingi, na nyingi zinapita Tunduma zikielekea Serengeti, mumeo ameshaziona bila kuzitazama. Mafundi wa kuchomelea wa Mbeya nao wanaweza kuunda moja kwa kutumia ekseli ya pikapu iliyokufa na springi zake za majani. Mkienda njia hiyo, mwambieni fundi magurudumu ya tela yawe na nati sawa na za Prado ili tairi ya akiba iwe ya wote wawili, na kile kichwa cha mviringo cha kufungia kiwe cha milimita 50. Na breki, narudia. Fundi atasema hazihitajiki.

Sasa tazama uwanja wako. Tela yote haifiki mita 3.5. Ikiingia inafunguliwa, watu wawili wanaigeuza kwa mikono ikiwa tupu na sakafu ikiwa sawa, inalala kwa kukingama mbele ya baraza. Inachukua mita 1.6 za urefu wa uwanja. Prado mita 4.8. Mbawa za geti zinazofunguka ndani zinakula karibu mita 1.5, hilo watu hulisahau hadi siku ya kufunga geti. Jumla mita 7.9 kati ya 9, bajaji iko ubavuni kama kawaida. Siku mkipata hela kidogo, geti hilo lifanyeni la kusukuma pembeni, mtarudishiwa ile mita na nusu yote.

Kichochoro chenye kona kinataka ujanja mmoja. Tela fupi ni ngumu kurudisha nyuma kuliko ndefu, inakata haraka kabla hujajua usukani uko wapi. Mwambie fundi afunge kichwa kingine cha kuvutia mbele ya gari, kwenye chasisi yenyewe, si kwenye bampa. Ukifika mdomo wa kichochoro unaifungua tela, unaligeuza gari, unaifunga kwa mbele, kisha unaisukuma polepole ukiiona mbele ya macho yako mpaka getini. Jiwe au gogo la kuzuia tairi liwe mkononi mwa mtu mzima mmoja, si mtoto, na hakuna anayesimama upande wa chini.

Kabla ya hayo yote, fanya hivi wiki hii. Chukua kamba na vijiti, chora uwanjani umbo la karavani na umbo la Land Cruiser, vipimo kamili. Viache siku kadhaa. Anika nguo, mpangaji atoe bajaji, watoto wacheze, mumeo mwenyewe arudi usiku na RAV4. Halafu futa, chora Prado na kijitela. Kwa namna unavyomsimulia, huyu ni mtu wa kuamini anachokikwaa kuliko anachoambiwa.

Nimeliacha la baba mkwe kwa sababu ndilo jepesi kuliko unavyodhani, na umelitia aibu isiyo yake. Karavani ya vitanda vitano ni chumba kimoja. Choo chake, kama kipo, ni kabati. Mkamwana na mkwe wake kulala humo, pazia au bila pazia, ni jambo ambalo wazee wengi wa Kyela na Rungwe watalikataa kimyakimya: mzee atasema anaumwa mgongo, atabaki nyumbani, na mumeo atashangaa kwa nini baba hapendi tena Matema. Yeye anayesema yamepitwa na wakati akamuulize baba yake, wawili peke yao, wewe usiwepo wala usitajwe. Hilo ni la mtoto wa kiume na baba yake.

Wala msimpe mzee hema la juu. Kupanda ngazi saa nane za usiku akitafuta choo si heshima na ni hatari. Mzee alipiwe chumba kimoja cha wageni, chenye kitanda na mlango wa kufunga. Kilichokuwa kinawashinda ni vyumba vitatu, kimoja hakiwashindi. Ninyi watano mlale kwenye tela na hema moja la chini pembeni yake. Kwa hesabu hiyo mnaweza hata kujaribu Desemba moja kwa Prado na mahema ya kawaida bila tela yoyote, muone kama kweli mnapenda kulala nje, kwa sababu kuna watu wanapenda picha za kulala nje. Na siku mkipanda Kitulo, chukueni mablanketi mara mbili ya mnavyodhani. Barabara ya kutoka Isyonje nayo mvua zikikolea msiipandishie tela, na bahati mbaya maua yanachanua miezi hiyohiyo ya mvua.

La Jumamosi sasa. Kianzio kisitoke kwanza. Muuzaji ni mgeni, kwa hiyo aulizwe: hiyo karavani iliingia nchini kwa kibali cha muda au ililipiwa ushuru? Kama iliingia kwa kibali cha muda, ushuru haujalipwa, na mnunuzi ndiye atakayebaki nayo mkononi TRA wakiuliza. Tela ina usajili wake na kadi yake, haitembelei kadi ya gari linaloivuta. Kadi hiyo ionekane, na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma isomwe na kulinganishwa na ya kwenye karatasi. Hilo ni kwa tela yoyote mtakayonunua, hata ya fundi wa mtaani, ambayo itabidi ikaguliwe na isajiliwe kabla ya kugusa lami. Kampuni ya bima nayo iulizwe kwa maandishi kama bima ya gari inafika hadi kwenye tela. Matairi yasomwe ubavuni: zile tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tela husimama sana, matairi yake huzeeka yakiwa na meno mazima, na yakipita miaka sita yabadilishwe.

Na kama hela imeshatoka kabla barua hii haijakufikia, mumeo arudi kwa muuzaji na shahidi mmoja, waandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa kiasi gani kimetolewa na kwa sharti gani kitarudishwa, kabla yule bwana hajakata tiketi ya kwao.

Mjomba